Bunduki ya Bei Poa Iliyomuua Zombi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililovunjika mguu likaegemezwa tofali, mbele ya duka la Daktari hapa Yachimata, Japani, bega kwa bega na mashine ya kuuza vinywaji. Unatumbukiza sarafu, mashine inaguna, inatema kopo la kahawa ya moto, nawe unalirusharusha mikononi mpaka likubali kushikwa. Majira haya karanga zimeshang'olewa, zimerundikwa mashambani vichuguu vichuguu zikauke, na hakuna mwanakijiwe asiye na karanga mfukoni. Jumamosi ni siku ya maneno. Jumapili ni siku ya vita: watu wanavaa miwani mikubwa ya kukinga macho, wanaingia kwenye msitu wa mianzi nje ya mji, wanapigana kwa bunduki za mchezo zinazorusha punje za plastiki. Vita hivyo havina refa. Aliyepigwa anajisema mwenyewe: ananyoosha mkono juu, anapaza sauti "Nimepigwa!" na kwenda zake makaburini, yaani kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, akangoje mzunguko uishe. Anayepigwa akanyamaza anaitwa zombi, na jina hilo likishakuganda halitoki hata kwa brashi ya chuma.

Jumamosi hiyo Sawako alikuwa wa kwanza kufika. Kijiweni anaitwa Bi Tofu, kwa sababu ana duka la tofu, ile jibini laini ya soya, mtaa wa pili; anaamka alfajiri kuloweka na kusaga soya, na ikifika mchana hana tena kazi ila mdomo. Wa pili alitoka Daktari, mwenye duka la bunduki za mchezo na midoli ya kuunganisha. Daktari anafungua bunduki za watu na kuzifunga tena, na kila mara skrubu moja inabaki mezani. Wa tatu alikuwa Zombi, kinyozi. Huyo hajapata kukubali kwamba amepigwa tangu aanze kucheza. Ukimwonyesha alama nyekundu shingoni atakwambia ni mbu, hata kama ni wakati wa barafu.

Ndipo akaja Kisiki. Huyu ni mzee Kuwabara, dereva wa basi mstaafu. Jina alilipata siku aliyolala kwenye majani akimvizia adui, akatulia hivyo hivyo mpaka ndege akatua juu ya kofia yake na kuanza kujichokoa manyoya. Alikuwa amebeba bunduki yake ndefu ya mdunguzi, ya kuvizia kwa mbali, kaifunga kwenye shuka. Akailaza juu ya benchi, akaketi pembeni yake.

— Kuna binti anakuja sasa hivi, akasema. Anaitwa Nagisa, yule mgeni aliyekuja Jumapili iliyopita kutazama. Anatafuta bunduki ya kuanzia. Nitampa hii.

— Utampa? Daktari akashangaa. Na wewe utatumia nini? Fimbo?

— Mimi ndiyo basi tena. Mwanangu ananiita nikaishi kwake Sapporo, kaskazini huko. Wana chumba kimekaa bure. Nimekaa nimewaza, nikaona hapa nilikuwa nimeshikiliwa na mchezo tu. Nikiiachia bunduki, nimeachia.

Alisema kwa upole, huku akifungua kopo lake la kahawa. Kidole kiliteleza kwenye kile kipete cha juu, kikateleza tena, na tena. Daktari alitazama barabara. Zombi alitazama viatu vyake. Sawako alitazama kile kidole, na moyo wake ukamdondoka kama tofu iliyokosa maji ya kuelea.

Maana Sawako alijua mambo mawili. La kwanza, mke wa Kuwabara alipofariki, mzee alijifungia. Sawako alikuwa akimpelekea kipande cha tofu mlangoni, na kesho yake akikuta cha jana kiko palepale. Ni wao watatu waliomkokota mpaka kwenye mianzi, wakamtafutia bunduki ya bei nafuu kuliko zote dukani, yeni elfu tisa na ushee, na mzee akafufuka. La pili ni kwamba mwaka huu mikono ilianza kumtetemeka. Majira yote ya joto hakumpata mtu hata mmoja, na akaanza kukosa Jumapili, mara mvua, mara mgongo. Basi siku moja, majani yanaanza kugeuka rangi, Sawako akasikia punje ya Kisiki ikipita juu ya bega lake na kugonga mwanzi nyuma huko. Haikumgusa hata kidogo. Akanyoosha mkono. "Nimepigwa!" Kule kwenye majani akauona uso wa mzee ukichanua. Alipofika makaburini akawaambia wenzake. Tangu Jumapili hiyo, kila mtu alikufa kwa bunduki ya Kisiki.

Sasa mzee huyohuyo anaigawa.

— Kisiki, Sawako akasema, si ungoje angalau baridi iishe? Sapporo sasa hivi theluji mpaka madirishani.

— Theluji naijua, Bi Tofu. Nimeendesha basi.

Kabla hajapata la kuongeza, Nagisa akatokea kwa baiskeli. Ni binti mrefu, anafanya kazi kwenye kliniki ya meno karibu na stesheni, na alikuwa bado na adabu zote za ugeni: aliinama kwa kila mmoja, akainama na kwa mashine ya kahawa kwa bahati mbaya.

— Karibu, karibu, Zombi akasema. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tunaumwa sana hapa.

— Bunduki yenyewe ndiyo hii, Kisiki akasema, akafunua shuka. Usiniamini mimi, mimi ni mwenye mali. Waulize hawa. Wao wanaijua vizuri, wameshakula punje zake wote.

Hapo Sawako akamkanyaga Daktari mguu. Daktari akamwangalia Zombi. Zombi akatafuna karanga moja taratibu. Hawakusemezana neno, lakini walikuwa wameshakubaliana: binti huyu asiondoke na bunduki hii, hata kwa dawa.

— Dada Nagisa, Daktari akaanza, akakohoa. Mimi kama mtaalamu nakwambia ukweli. Hii ni kanjanja.

— Kanjanja?

— Kabisa. Chukua springi yake. Chuma gani hicho? Chuma cha makopo ya samaki! Asubuhi ina nguvu, mchana imechoka, jioni inasinzia. Nimeona kwa macho yangu punje inatoka mdomoni inadondoka kama mate ya mtoto.

— Samahani, lakini si wewe uliyemuuzia?

— Niliuza, sikuisifia. Muulize.

— Ni kweli, Kisiki akasema. Aliniambia tu ina rangi nzuri.

Nagisa akaiokota. Akavuta komeo nyuma, akalisukuma mbele. Lilikwenda na kurudi bila kukwaruza.

— Mbona laini?

— Ulaini huo ndio ugonjwa wenyewe! Zombi akadakia. Komeo zima linakataa kidogo, lina heshima zake. Hili linakubali kila kitu. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka.

— Lakini hii hailii.

— Si umeona? Imeshapasuka.

Kisiki alikuwa anakunywa kahawa yake, kopo kalishika kwa mikono miwili. Hakusema kitu. Sawako akaona zamu yake imefika, na yeye hajui lolote kuhusu springi wala komeo, anajua soya.

— Mwanangu, akasema, mtutu huo umepinda. Chungulia. Mtu ukichungulia kwenye mtutu mzuri unaona mbingu. Mimi nilichungulia humo nikaona duka la jirani.

— Bi Tofu, si ulikuwa umeuelekeza dukani?

— Niliuelekeza juu! Ndiyo maana nilishtuka.

— Na umepinda kwa kuelekea kaskazini, Zombi akasema, sasa kapata moto. Hiyo nimeifanyia utafiti. Upige mashariki, upige magharibi, punje inakata kona kwenda kaskazini. Kwa nini? Sumaku.

— Punje ni plastiki, Nagisa akasema.

— Plastiki ya hapa. Ya huko ilikotengenezwa umeipima? Shemeji yangu anamjua mtu aliyefanya kazi jirani na kile kiwanda. Mchana wanatengeneza majiko ya umeme ya kupikia wali. Jioni kwa yale mabaki wanaunga bunduki. Ukivuta kifyatulio sikiliza vizuri. Inatoa ule mlio wa wali umeiva.

Nagisa akaelekeza mtutu chini, akahakikisha haina punje, akavuta kifyatulio. Klik.

— Kweli kabisa, Daktari akasema kwa huzuni. Wali huo.

— Na darubini yake? Sawako akachokonoa.

— Hiyo darubini ndiyo usiseme, Daktari akajibu. Inachelewa. Unamwona mtu kasimama pale, kumbe kaondoka zamani, yuko nyumbani anaoga. Unampiga mtu wa jana.

— Halafu ina huruma, Zombi akasema.

Wote wakageuka, hata Kisiki.

— Nini ina huruma? Nagisa akauliza.

— Bunduki. Zipo bunduki zilizozaliwa na roho hiyo. Inamwona mtu, inaona ana mke, ana madeni, ana kinyozi wake. Inageuza punje dakika ya mwisho. Bunduki hii haijazaliwa kuua, dada. Utakufa nayo njaa msituni. Halafu inadanganya, inajitia ndefu wakati haifiki kokote. Na ninyi mnajua, njia ya mwongo ni fupi.

Kisiki akatabasamu ndani ya kopo. Sawako aliliona tabasamu lile na halikumpendeza. Lilikuwa tabasamu la dereva aliyemwona abiria akipanda mlango wa nyuma bila tiketi, akaamua kumwacha mpaka kituo cha mbele.

Nagisa aliilaza bunduki tena juu ya shuka, kwa uangalifu, akaketi kwenye ukingo wa benchi. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayejitahidi kuelewa darasa.

— Samahani, akasema. Mimi mgeni, labda kuna kitu sikijui. Jumapili nilikaa makaburini kutazama. Niliwaona ninyi nyote mkija mmoja mmoja, na kila mmoja anasema kauawa na mzee Kuwabara. Sasa kama haina nguvu, na haioni, na mtutu umepinda, na inawaonea watu huruma... iliwapigaje?

Gari la karanga lilipita. Daktari alitoa skrubu mfukoni, akaitazama kama ndiyo kwanza anakutana nayo. Zombi, ambaye hajapata kukosa neno tangu aliponyolewa nywele za utotoni, aliinuka, akaiendea mashine, akatumbukiza sarafu na kubonyeza. Mashine haikuguna. Taa nyekundu ikawaka chini ya kopo la kahawa: imekwisha. Akabonyeza tena. Mashine ikaitema sarafu yake, akairudisha mfukoni, na kwa kuwa hakukuwa na pa kwenda, akarudi kukaa.

— Niacheni nimjibu mimi, Kisiki akasema.

Akaliweka kopo lake chini.

— Binti, wewe hujawahi kutazama kwenye darubini ya bunduki. Punje hizi haziendi kama risasi za kweli. Zinakwenda polepole, na ni nyeupe. Ukipiga ukaacha jicho palepale, unaiona inavyokwenda. Inapanda kidogo, inanyooka, inaanza kuchoka. Unaisindikiza mpaka inapofika. Mikono yangu imeharibika, hayo kila mtu hapa anayajua na kila mtu anatazama viatu vyake. Macho yangu mazima. Nimeziona zote.

— Kisiki... Sawako akasema.

— Niliiona yako, Bi Tofu. Ilipita juu ya bega lako, lori lingeweza kupita katikati. Nikasema, lo, huyu kashtushwa na sauti, kadhani kapigwa. Nikafurahi, usifikiri sikufurahi. Nililala siku ile kama mtoto. Jumapili iliyofuata nikaipeleka ya Daktari kwenye mti, Daktari akafa. Nikasema labda iligonga mti ikamrudia. Mtu akitaka kuamini haishiwi na sababu.

Akamgeukia kinyozi.

— Halafu akafa huyu.

Zombi akainamisha kichwa.

— Mtu ambaye nimempiga mwenyewe kwenye paji la kofia, enzi za mikono yangu, pap, nikaisikia, akaniambia ni tawi. Mtu ambaye mkewe anasema hata kukoroma anakataa. Jumapili ile punje yangu ilikwenda kwenye matope, hatua nyingi kutoka alipokuwa. Nikamwona kwenye darubini amesimama, anafikiri. Akanyoosha mkono juu. "Nimepigwa!" Hapo ndipo nikajua, binti. Hapo ndipo nikajua nimezeeka.

Sawako aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Alikuwa akidhani wamempa mzee zawadi, kumbe mzee aliifungua zamani na kukuta mna nini, akaikumbatia hivyo hivyo wiki zote hizo ili asiwaumize wao.

— Sikukasirika, Kisiki akaendelea. Nikasirike kwa lipi? Hakuna aliyepata kufiwa na watu wengi namna ile kwa kupendwa. Ila kila Jumapili nawaona mmekaa makaburini mzunguko mzima, baridi inawapiga, kwa ajili ya punje zilizokwenda kwenye matope. Nikasema, huu mchezo hauna refa. Una kauli ya mtu tu. Mimi nikiendelea kuja, mtasema uongo mpaka muuzoee, na mchezo utakufa kwa sababu yangu. Bora niende Sapporo.

— Usiende, Sawako akasema.

Hakupanga kusema hivyo. Lilimtoka kama lilivyokuwa, bila utani kulifunika.

— Usiende, mzee. Nilianza mimi, hawa hawana kosa. Sikukudanganya kwa kuwa nakuona huwezi. Nilikudanganya kwa kuwa ulianza kukosa Jumapili, na mimi nikaanza kuiona ile tofu mlangoni kwako. Siwezi kuiona tena. Piga, kosa, piga matope, mimi sijali, lakini uwepo.

Kisiki alimtazama, macho yakamjaa machozi, akajifanya anatafuta shuka. Daktari akapenga kamasi kwa sauti kubwa isiyo ya lazima.

— Basi nataka kitu kimoja, mzee akasema mwishowe. Twendeni ubavuni.

Ubavuni mwa duka Daktari ana kichochoro kirefu kilichofunikwa wavu, watu wanakojaribia bunduki. Wakavaa miwani. Zombi akalipeleka kopo tupu la kahawa mwisho kabisa, akaliweka juu ya gogo, akarudi. Kisiki akatia punje, akavuta komeo, akainua bunduki. Mtutu ulikuwa ukicheza juu na chini, na safari hii walilazimika kuutazama.

Akapiga. Kopo likabaki limesimama.

Mkono wa kulia wa Sawako ulikuwa umeshaanza kupanda wenyewe kwa mazoea, akaukamata kwa wa kushoto. Daktari hakusema. Zombi hakusema. Kimya kile kilikuwa kizito kukibeba kuliko uongo wote waliousema msimu mzima, lakini walikibeba.

Kisiki akashusha pumzi ndefu.

— Asanteni, akasema. Imepita kushoto, kiganja na nusu, juu kidogo.

Akapiga tena. Kopo limesimama.

— Kulia. Vidole vitatu. Imeanza kushuka karibu na lile doa la rangi ukutani.

— Unaiona mpaka huko? Nagisa akauliza.

— Yote.

— Kwetu kliniki hakuna hata mmoja mwenye mkono uliotulia, Nagisa akasema. Daktari wa meno anaweka kidole kidogo kwenye kidevu cha mgonjwa. Hicho kidole ndicho kinachoshika, siyo mkono. Mkono ukiwa hewani, hata wa kijana unacheza. Wewe mbona unapiga bila kuegemeza?

— Tunaegemeza kwenye magogo, Daktari akasema. Bunduki inateleza.

— Siyo kwenye kitu kigumu, Nagisa akasema. Kwenye kitu kinachobonyea kidogo.

Sawako hakungoja amalize. Alivuka barabara na miwani yake usoni, mama mmoja mwenye mkoba akampisha kwa hofu, akakimbilia dukani kwake mtaa wa pili, akarudi na kimfuko cha kitambaa kilichojaa soya kavu, ambacho alikuwa akikitumia kuzuia mlango usijifunge. Wakakiweka juu ya kreti. Kisiki akapiga magoti, akalala, akazamisha mtutu kwenye ule mfuko. Soya zikasogea, zikaukumbatia mtutu. Ule mchezo wa juu na chini haukuisha. Ulipungua.

Akapiga. Kopo likatikisika, halikuanguka.

— Limeguswa! Daktari akasema.

— Upepo huo, Zombi akasema.

— Upepo gani kwenye kichochoro?

— Wa kaskazini. Mimi nimesema tangu mwanzo, kaskazini. Mnataka nikubali kopo ambalo lenyewe halijajisema?

Kisiki alilala pale chini akacheka, na Sawako akatambua kwamba hajamsikia akicheka hivyo tangu kiangazi. Alikuwa anabishiwa. Alikuwa amekosa kubishiwa muda mrefu mno.

— Hata hivyo, bunduki ni ya binti, mzee akasema alipoinuka, anapangusa magoti. Nimeshaahidi.

— Siitaki, Nagisa akasema. Nimeambiwa ina huruma. Nitatafuta yangu, ila wewe utalala kando yangu uniambie punje zangu zinakwenda wapi. Mimi macho kama yako sina.

— Na Sapporo? Sawako akauliza.

— Sapporo nitakwenda mwaka mpya, kuwaona, Kisiki akasema, akikunja shuka lake. Nitakata tiketi ya kwenda na kurudi.

Kesho yake, Jumapili, baridi ilikuwa kali, mianzi inapiga kelele juu kama watu wanaopanga mbao. Kisiki na Nagisa walikuwa upande mmoja, Sawako na Zombi upande wa pili. Sawako alichuchumaa nyuma ya shina, akasikia punje ikipita pembeni na kugonga mbali. Akajua ya nani. Hakunyoosha mkono. Akajisikia vibaya, akajisikia vizuri, akainuka kukimbilia shina la mbele.

Ndipo kitu kikamgonga kwenye mfupa wa bega, tap, kidogo kama soya inayodondoka kwenye beseni.

Akasimama katikati ya njia. Akajipapasa. Palikuwa panawasha. Akafikiri, nikisema sasa ataniamini vipi, mimi niliyesema mara zote zile? Lakini mchezo hauna refa. Akanyoosha mkono juu kabisa.

— Nimepigwa!

Sawako akangoja na mkono wake juu.

— Hiyo ya kweli! sauti ikalipuka kutoka kwenye majani. Nimeiona! Hiyo ya kweli, Bi Tofu, nimeiona mpaka ilipofika!

Mdunguzi gani anayepiga kelele akiwa mafichoni? Zombi, aliyekuwa karibu, aligeukia sauti ilikotoka, akampiga Kisiki mbili za kifua kabla hajamaliza kushangilia. Mzee akainuka na majani kwenye kofia, mkono juu, akapaza sauti ya furaha kama aliyetangaziwa ndoa:

— Nimepigwa!

Wakaenda makaburini wawili. Wakakaa kwenye viti vya plastiki. Kisiki akafungua chupa yake ya kahawa.

— Imeuma? akauliza.

— Imeuma.

— Kweli?

— Kweli, mzee. Kesho patakuwa pekundu, nitakuonyesha mbele ya watu wote.

— Vizuri, Kisiki akasema, akammiminia kahawa. Mkono ulimtetemeka, nusu ikaingia kikombeni na nusu ikamwagikia goti la Sawako, na Sawako akapiga yowe, akamtukana, akamwambia ajaze tena.